Malenga na Meli za Windermere

Kaskazini-magharibi ya England, katikati ya milima, liko Ziwa Windermere, lenye urefu upatao kilomita 17. Meli hung'oa nanga Bowness zikiwa na abiria wasio na shehena wala shughuli ng'ambo. Wamekuja kuburudisha macho, kisha warudi walikotoka. Starehe hiyo iliwahi kuzua ubishi mkali: uzuri wa nchi ni wa nani?

William Wordsworth, malenga aliyezaliwa 1770 katika nchi hiyo ya maziwa, ndiye aliyewafunza wengi kuitazama. Mwongozo wake kwa wasafiri ulitoka kwanza 1810, ukachapishwa tena na tena. Humo aliifananisha nchi ile na mali ya taifa, ambayo kila mwenye kuutambua uzuri wake ana fungu lake.

Yeye mwenyewe aliionja starehe ya majini. Agosti 1825, pamoja na malenga Walter Scott, alialikwa Storrs, ukingoni mwa Windermere, na tajiri John Bolton, mfanyabiashara wa Liverpool aliyechuma katika biashara ya watumwa. Mashua zilipambwa, zikatanda ziwani kwa heshima ya wageni. Hapakuwa na aliyelalamika kwamba utulivu umevunjwa.

Mambo yaligeuka 1844, ilipotangazwa azma ya kuleta reli. Wordsworth aliandika shairi na barua gazetini kuipinga. Alidai kwamba kuonja mandhari ni jambo la kujifunza taratibu, na kuwamwaga huko wafanyakazi wa miji ya viwanda kwa maelfu hakungewafaa wao wala maziwa.

Hakusikilizwa. Mwaka 1845 ilishushwa Windermere meli ya mvuke iliyoitwa Lady of the Lake, jina lile lile la utenzi wa Scott wa 1810. Reli ikafika 1847. Watu wa viwandani wakapanda meli yenye jina la utenzi, wakayaona waliyoyaona wageni wa Bolton.

Hofu ya malenga haikuwa ya bure, kwani wingi wa vyombo huleta kelele na mawimbi. Kosa lake ni kumtilia shaka abiria badala ya chombo. Mwaka 2005 mwendo wa vyombo vya injini ziwani uliwekewa kikomo cha maili 10 za baharini kwa saa. Sheria hiyo ilipunguza kishindo bila kumuuliza mtu yeyote anafanya kazi gani.