Viwanda au Vitendo? Chimbuko la Mtaala wa Shahada ya Kwanza ya Uhandisi Kemikali, 1888–1923

Mwaka 1888 Lewis Mills Norton alianzisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), iliyokuwa bado mjini Boston, kozi ya miaka minne ya uhandisi kemikali. Jina lilikuwa jipya kuliko yaliyomo. Mwanafunzi alisoma zaidi uhandisi mitambo, kisha akaongezewa kemia ya viwandani iliyotegemea mno mifano ya Ujerumani, nchi ambayo yenyewe haikuwa na mhandisi wa aina hiyo: huko mkemia na fundi mitambo waligawana kazi. Utengenezaji wa asidi ulifundishwa peke yake, wa sukari peke yake, wa rangi vivyo hivyo. Aliyehitimu alijua viwanda kadhaa. Mbele ya kiwanda kipya alibaki mgeni.

Ufumbuzi ulikwisha kudokezwa Uingereza. George E. Davis, aliyewahi kuwa mkaguzi wa viwanda vya magadi, alitoa mihadhara 12 mjini Manchester mwaka 1887, na mwaka 1901 akachapisha kitabu chake cha mwongozo. Kwake, viwanda vinavyotofautiana kwa bidhaa hushirikiana katika vitendo: kusaga, kuchuja, kuvukiza, kukeneka, kukausha. Wazo hilo lilipata jina mwaka 1915, katika ripoti ya Arthur D. Little kwa MIT. (Little mwenyewe alisoma kemia hapo, akaondoka bila shahada.)

Hata hivyo, mtaala haukuamuliwa kwa hoja hiyo pekee. Ndani ya idara ya kemia, Arthur A. Noyes alishikilia kwamba mwanafunzi ajengwe kwanza katika sayansi, hasa kemia ya kifizikia, William H. Walker alitaka alelewe karibu na kiwanda. Huo haukuwa ugomvi wa watu wawili tu. Aliyeshinda ndiye angeamua saa za kijana wa miaka 18 zitumike maabara au kwenye mitambo. Mwaka 1916 Walker alipata Shule ya Mazoezi iliyowapeleka wanafunzi viwandani. Noyes hatimaye alihamia California. Uhandisi kemikali ukawa idara kamili mwaka 1920, chini ya Warren K. Lewis.

Miaka mitatu baadaye Walker, Lewis na William H. McAdams walitoa kitabu cha kiada ambacho sura zake zilipangwa kwa mtiririko wa vimiminika, upitishaji wa joto, uchujaji na ukenekaji. Sukari na asidi zilibaki humo kama mifano.