Mpira Uliovuka Bahari

Katika mkutano mkuu uliopita, mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Maabara ya sekondari yetu haina vifaa, nanyi mnataka tuchangie kiwanja cha michezo?" Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi ni mhasibu, nimezoea kujibu kwa tarakimu, lakini siku ile sikuwa na jibu. Nilirudi Dar es Salaam na swali lake, nikaanza kusoma historia ya kwetu.

Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Hotuba ile ndiyo iliyozaa UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliifahamu kupitia Magila. Katika chuo hicho hicho, mwaka 1848, wanafunzi walikuwa wamekaa na kuandika kanuni za pamoja za mpira wa miguu, kwa sababu kila mmoja alikuja na kanuni za shule aliyotoka.

Misheni ilianzisha Chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa utumwani. Baadaye vijana walivuka bahari kutoka bara: Ruvuma, Nyasa na kwetu Bonde. Kufikia miaka ya 1880 walikuwa wakicheza mpira na kriketi. Mbondei, Myao na Mnyasa walikaa darasa moja na kuingia uwanja mmoja. Walipomaliza masomo walitawanyika wakiwa walimu na makarani, na mchezo ukasafiri nao.

Mmoja wa waliosoma huko ni Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Mwaka 1922, akiwa karani mjini Tanga, aliongoza uanzishaji wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kiliwakutanisha Wakristo na Waislamu, watu wa makabila mbalimbali. Kwa sisi tunaokaa mjini na kuchangia nyumbani, huyo ni mzee wetu katika kazi hii.

Kisha zikaja klabu tunazozijua. African Sports ilianzishwa mwaka 1936, Coastal Union mwaka 1948. Wagosi wa Kaya walipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988 nilikuwa mtoto, na nakumbuka watu wazima wakilia kwa furaha. Sisemi kwamba yote hayo yalitoka Kiungani. Bandari, reli na mashamba ya mkonge navyo vilileta watu, na watu wakaunda timu. Ila chuo kile kinatufundisha jambo moja: darasa na kiwanja vilikwenda pamoja, wala hakikusubiri kimoja kikamilike ndipo kingine kianze.

Historia hiyo ina pengo. Timu za Kiungani zilikuwa za wavulana tu. Sisi tusirudie hesabu inayoacha nusu ya watoto nje. Ndiyo maana mpango wetu una uwanja wa netiboli kando ya ule wa mpira wa miguu. Leo wasichana wetu wanachezea penye mteremko, na mvua za masika zikinyesha hawachezi kabisa.

Sasa namjibu ndugu yetu. Maabara ina fungu lake na kiwanja kina lake. Hakuna shilingi itakayohama bila idhini ya mkutano. Asiyependa kiwanja achangie maabara, nasi tutamshukuru vilevile. Ila naomba tusiwaambie watoto wachague kati ya kusoma na kucheza, maana waliotutangulia hawakuchagua.

Mcheza kwao hutunzwa. Tuwape kwanza mahali pa kuchezea. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Jaza, na ukimaliza mpe na jirani yako.