Horini au Gatini: Mahali pa Kutia Nanga katika Pwani ya Waswahili

Pwani ya Afrika Mashariki, toka visiwa vya Wabajuni hadi Kilwa na kusini yake, imekatwakatwa na hori, milango ya mwamba na midomo ya mito iliyofunikwa na mikoko. Nahodha aliyepita humo alikuwa na njia mbili za kulaza chombo chake. Angeweza kwenda mbele ya mji wenye liwali, forodha na soko, au kuingia horini, mahali pa kimya ambapo hapakuwa na mtu ila wavuvi na wakata boriti. Uamuzi huo ulifuata pepo, maji, umbo la chombo na, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida, nani alikuwa akidai ushuru.

Umbo la chombo ndilo lililotangulia. Bahari hii hupwa na kujaa kwa tofauti ya karibu mita 4 wakati wa bamvua, na vyombo vya wenyeji viliundwa kwa kuijua hali hiyo. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari na ambao tanga lake lilikuwa la mkeka, uliweza kukaa juu ya tope au mchanga maji yakipwa bila kupasuka, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na unyumbufu. Dau na mashua vilitumika vivyo hivyo. Chombo kililetwa ufukweni maji yakijaa, kikaachwa kipwelewe, kikategemezwa kwa magadi kisilale ubavu, kisha kikapakuliwa na watu waliotembea kwa miguu hadi ubavuni. Wakati huohuo mabaharia walikwangua chaza na majani ya bahari, wakakalafati nyufa, wakapaka deheni ya shahamu na chokaa chini ya mstari wa maji ili funza wa baharini wasitoboe mbao. Kwa kazi hizo zote gati halikuhitajika. Ufuko wa kupwelewa ulitosha, na ufuko wa namna hiyo ulipatikana kila mahali.

Hili linaeleza jambo lililowatatanisha baadhi ya watafiti wa magofu. Miji kadhaa ya kale ilijengwa mahali ambapo merikebu kubwa isingeweza kukaribia. Takwa katika kisiwa cha Manda ilifikiwa kwa hori la mikoko ambalo hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa tu. Pate nayo ilikuwa na maji machache mbele yake, na vyombo vilisubiri maji ya kuingilia. Mtwapa na Mnarani zilikaa kando ya hori zao, ndani ya kinga ya nchi kavu. Anayetazama miji hiyo kwa jicho la meli ya chuma ataona kasoro. Kwa mwenye mtepe, maji machache yalikuwa ngome: adui mwenye chombo kizito alibaki nje.

Kilwa Kisiwani ilikuwa na yote mawili, maji ya kina kati ya kisiwa na bara na fuko za kupwelewa. Bahati yake nyingine ilikuwa pepo. Vyombo vya Arabuni na Ghuba vilishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, vikarudi na kusi iliyoanza Aprili. Aliyetaka kuja na kurudi ndani ya mwaka mmoja hakuweza kufika mbali sana kusini, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa hayo. Dhahabu ya Sofala ilipandishwa hadi Kilwa na vyombo vya pwani, ikakutana hapo na wanunuzi. Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331 ukiwa katika fahari yake.

Msimu wenyewe ulilazimisha kukaa. Mgeni aliyefika na kaskazi alikuwa na wiki nyingi za kungoja upepo ugeuke, na hakuzitumia zote mbele ya mji. Hapo ndipo mahali pa kimya palipopata kazi: kupata maji matamu na kuni, kutengeneza chombo, kukata boriti au kununua mtama kwa bei ambayo haikupandishwa na ushindani wa bandarini. Mji ulitoa bidhaa, mkopo na habari. Hori lilitoa kinga, na liliepusha gharama.

Wareno walipofika, suala la mahali pa kutia nanga likawa la uhai na kifo. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498 na hakuthubutu kuingia ndani mara moja. Alitia nanga nje. Usiku, waogeleaji kutoka mjini walizifikia merikebu zake na kujaribu kukata amari za nanga ili zikokotwe na maji hadi mwambani. Siku chache baadaye alikuwa Malindi, ambako ghuba iko wazi na kinga ni haba, lakini mtawala alikuwa rafiki. Alipata rubani huko, akang'oa nanga tarehe 24 Aprili na kufika Calicut kabla ya mwisho wa Mei. Urafiki wa pwani ulimfaa kuliko kina cha bandari.

Somo hilo Wareno hawakulishika kwa muda mrefu. Baada ya kuishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, walijenga utaratibu wa vibali vya kusafiri, ambavyo kila chombo kilipaswa kubeba, na mwaka 1593 wakaanza Ngome ya Yesu mlangoni mwa bandari ya kale ya Mombasa. Shabaha ilikuwa kuvilazimisha vyombo vipite chini ya mizinga na mbele ya meza ya forodha. Lakini ngome hutazama mlango mmoja, na pwani ina milango mingi. Biashara iliyobanwa mjini iliendelea horini.

Ujuzi wa maji uliamua hata vita vya wenyeji. Karibu na mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela ili kuipiga Lamu. Waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walivikuta vimepwelewa. Wengi waliuawa palepale ufukweni. Ushindi huo uliipa Lamu heshima kubwa, ukafungua njia ya Wabusaidi wa Omani kuingia kaskazini mwa pwani, na sehemu ya sifa yake ni ya maji kupwa.

Katika karne ya 19 Unguja ikawa kitovu. Seyyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake huko, na mapatano yake na Marekani ya mwaka 1833 yaliweka ushuru wa bidhaa zinazoingia kuwa asilimia 5. Merikebu za Salem, Hamburg na Marseille zilitia nanga mbele ya mji, na mizigo ikashushwa kwa mashua. Bara, mlango mkuu wa misafara ulikuwa Bagamoyo, mji usio na bandari yenye kina hata kidogo. Majahazi yalipanda mchangani, yakapakia pembe za ndovu na sandarusi, yakavuka hadi forodha ya Unguja. Mfumo mzima ulisimama juu ya aina mbili za mahali: ufuko mtulivu wa kupakia na nanga ya mjini ya kuuza.

Baada ya Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, kutia sahihi mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa, biashara hiyo haramu haikwisha. Ilihama. Ilijificha katika hori za bara na za Pemba, ambako jahazi dogo liliweza kuingia usiku na kutoka kabla ya mapambazuko. Waingereza waliweka meli kuukuu, HMS London, ikae kwenye nanga mbele ya Unguja tangu 1874, na boti zake ndogo zikatumwa kuvizia midomo ya hori. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari: Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa meli hiyo, aliuawa Desemba 1881 karibu na Pemba alipolikabili jahazi lililokuwa limebeba watumwa. Ukimya wa hori haukuwa wa amani kila mara, na kuusifu bila kukumbuka watu waliopakiwa humo ni kuisoma historia nusu.

Meli ya chuma inayokwenda kwa mvuke ilibadilisha mizani. Haiwezi kupwelewa ufukweni, inahitaji kina, makaa na ratiba. Ndiyo maana Wajerumani, walioanza utawala wao Bagamoyo, walihamia Dar es Salaam mwaka 1891, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860 kando ya bandari yenye mlango mwembamba na maji ya kutosha. Mombasa nako, bandari ya kale upande wa Mji wa Kale iliachiwa majahazi, na meli zikahamia Kilindini, ambako magati ya kwanza ya maji marefu yalianza kutumika katika miaka ya 1920. Dar es Salaam ilikawia zaidi. Kwa miongo mingi meli zilitia nanga katikati ya bandari na mizigo ikaletwa nchi kavu kwa matishari. Magati ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1956.

Hata meli ya chuma, hata hivyo, iliwahi kuokolewa na hori. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Ujerumani SMS Königsberg iliikuta HMS Pegasus ya Uingereza ikiwa kwenye nanga mbele ya Unguja, ikitengenezewa mitambo, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kupita maji machache ya milango ya delta. Ilibidi waletewe Severn na Mersey, manowari bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito, ndipo Königsberg ikaangamizwa Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa na kutumiwa nchi kavu na jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck.

Delta hiyohiyo ilikuwa makazi ya msimu ya majahazi ya Kuwait, Omani na Uajemi yaliyofuata boriti za mikoko, zilizoezekea nyumba za Ghuba ambako miti ni adimu. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika msimu wa 1938 na 1939 na nahodha Mkuwait Ali bin Nasr al-Nejdi, na maelezo yake katika kitabu Sons of Sindbad yanaonyesha pande zote mbili za kazi hiyo: Unguja yenye maduka, ndugu na mapumziko, kisha Rufiji yenye joto, mbu na kazi nzito ya kukata na kupakia. Mafuta yalipozitajirisha nchi za Ghuba na saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti, safari hizo zilififia, na Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Hori za Kilifi na Mtwapa sasa hupokea pia boti za matanga za watalii wanaozunguka dunia. Wengi wao hukaa kwenye nanga au boya, kwani marina zenye magati ya kuelea ni chache mno katika pwani hii. Hupita kwanza bandari rasmi kwa ajili ya uhamiaji na forodha, kisha hutafuta utulivu. Ni mpangilio uleule wa majahazi ya kaskazi, ila shughuli ni nyingine.

Kwa wenyeji, ushindani wa zamani kati ya ufuko na forodha unaendelea kwa jina la bandari bubu, yaani maegesho yasiyo rasmi. Serikali huziona kuwa njia za magendo na hasara ya mapato, na pia hatari kwa abiria wanaopanda vyombo visivyokaguliwa, na hoja hizo ni za kweli. Mwenye jahazi huona mahali anapoweza kupakua nazi au saruji karibu na mnunuzi, kwa gharama ndogo, kama babu yake alivyofanya. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania imechukua hatua ya kurasimisha baadhi ya maegesho hayo badala ya kuyafunga yote. Hiyo ndiyo njia yenye mantiki zaidi, kwa kuwa jahazi la mbao halihitaji gati la zege lenye kina. Linahitaji ufuko wa kupwelewa, njia ya gari na ofisa wa forodha aliye tayari kukanyaga mchanga.