Udahili na Uhamishaji wa Krediti: Historia Fupi ya Istilahi Mbili

Istilahi huzaliwa pale haja inapotokea. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno ya masharti ya kuingia masomo ya shahada yamefuata mabadiliko ya vyuo vyenyewe, na kwamba mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kumpotosha mwombaji.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1963, kikiviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mtanganyika aliyetaka kusomea uganga alikwenda Makerere, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Wakenya na Waganda wakaja Dar es Salaam kusomea sheria. Shahada ilikuwa ya chuo kikuu kimoja, kwa hiyo kusema "kuingia Chuo Kikuu" kulitosha. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika kuwa vyuo vikuu vitatu, kila kimoja na masharti yake.

Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974. Nchini Tanzania mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Sharti hilo halipo tena, lakini lilidhihirisha kwamba kuomba, kukubaliwa na kuandikishwa ni hatua tatu mbalimbali. Hatua ya pili ndiyo tuiitayo udahili, neno ambalo shina lake la Kiarabu lina maana ya kuingia. Ya tatu ni usajili. Aliyedahiliwa asiporipoti chuoni hajasajiliwa.

Istilahi ya pili ina hatari zaidi. Kwa Kiingereza neno moja hutaja deni la fedha na kipimo cha masomo. Kwetu "mkopo" ni fedha, na tangu sheria ya mwaka 2004 tunayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mfasiri akiandika "uhamishaji wa mikopo", mwanafunzi atakwenda kuuliza habari za fedha, ilhali aliyotakiwa kupeleka ni matokeo ya masomo aliyofaulu. Kwa kosa la neno moja aweza kurudia mwaka mzima. Heri "krediti": katika utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360.

Aidha, tutenganishe "uhamisho" wa mwanafunzi na "uhamishaji" wa krediti. Chuo kinaweza kumpokea mtu kisizipokee krediti zake zote.

Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Yaliyokuwa yakifanyika ndani ya chuo kimoja mwaka 1963 sasa hayana budi kuandikwa kwa mapatano baina ya vyuo vingi. Hapana budi basi maneno ya mapatano hayo yawe na maana moja Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.