Brashi ya singa za farasi katika nchi isiyo na farasi

Kinyozi ninayemwendea pale Majengo, Dodoma, ana brashi mbili. Ya kwanza ni pana, ya nailoni, ya kukung'utia nywele shingoni baada ya kupaka poda. Ya pili huitoa ndani ya mkebe wa maziwa pale tu mzee anapokaa kitini na kusema hataki mashine. Mpini wake ni wa mbao, umepata ufa mmoja mrefu, na singa zake za kahawia zimelika hadi zimekuwa fupi kama kidole gumba. Kinyozi huitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu na kuiacha humo wakati anavunja wembe mpya katikati ungali ndani ya karatasi yake. Kisha huikung'uta mara mbili, huizungusha juu ya kipande cha sabuni, na povu likishapanda humpaka mzee mashavuni taratibu kama anayepaka chokaa ukuta.

"Hii ya farasi," huwaambia kwa fahari.

Siku moja nilimuuliza, farasi wa wapi? Alicheka mpaka akaweka wembe chini. "Kaka, wewe hapa Dodoma farasi umemwona lini?"

Nilikosa jibu. Ng'ombe tunao, mbuzi tunao, na punda hadi leo anabeba madumu ya maji na magunia ya mkaa kwenye vijiji vya Ugogo na Urangi. Farasi hayupo, na hakuwahi kuwepo kwa wingi. Visubi wanaouma usiku humwambukiza ugonjwa unaomjaza maji mapafuni, akafa huku povu likimtoka puani. Akinusurika na hao, mbung'o wanamsubiri kwenye mapori ya njiani na ndorobo yao. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili wazuri. Wote walikufa hata hajakaribia Ugogo, naye akaendelea na safari ya kumtafuta Livingstone kwa miguu na kwa punda.

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikumsubiri farasi ili ipate neno. Usinga ni unywele mrefu wa mkia wa mnyama, na wingi wake ni singa. Usinga pia ni ule mgwisho wa kufukuzia nzi ambao mzee mwenye hadhi hukaa nao barazani, na ambao Jomo Kenyatta alitembea nao mpaka ukawa sehemu ya picha yake. Mwenye nywele ndefu zilizonyooka tunasema ana nywele za singa. Mpiga fidla wa taarabu kule Unguja anakwaruza nyuzi kwa upinde uliofungwa singa za farasi, awe anajua au hajui. Kwa hiyo brashi ya kinyozi wangu ni mgeni kwa asili tu. Jina tulikuwa nalo.

Wanaofuatilia mambo haya huianzia brashi ya kunyolea Ufaransa, katikati ya karne ya 18. Mpaka leo Wafaransa wanaiita kwa jina la mnyama aliyetoa manyoya yake, mnyama wa mashimoni aliye wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Manyoya hayo ni laini, yanashika maji mengi na yana bei. Asiyeimudu alipewa za nguruwe, au za farasi. Singa za farasi zina faida moja ambayo sijaona ikisifiwa vya kutosha: mnyama hauawi. Unapunguza shungi na mkia, naye anaendelea kula majani. Za shungi ni laini, za mkia ni ngumu kidogo na zina mnepo, na mafundi huzichanganya ili brashi isilegee wala isichome.

Brashi za namna hii zilikuwa kwenye mikoba ya maofisa wa Kizungu waliopita katika uwanda huu wa kati. Na mara moja tu katika historia, farasi wenyewe nao walikuja kwa maelfu.

Ilikuwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jenerali Jaap van Deventer aliongoza askari wapanda farasi wa Afrika Kusini kutoka upande wa Arusha, masika yakiwa yamekolea, wakazama kwenye tope mpaka Kondoa Irangi, wakaiingia tarehe 19 Aprili. Farasi walikuwa wameanguka njiani kwa mamia. Mwezi Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashambulia hapohapo Kondoa akashindwa kuwatoa. Mvua zilipokatika walisonga kusini, na tarehe 29 Julai wakaingia Dodoma na kuikalia reli ya kati. Kufikia mwisho wa mwaka, kikosi kilichoitwa cha wapanda farasi kilikuwa kikitembea kwa miguu. Visubi na mbung'o walifanya kazi ambayo bunduki za Wajerumani hazikuiweza. Mizoga ilibaki kandokando ya njia, chakula cha fisi, na sijui kama kuna aliyekata hata mkia mmoja.

Miezi hiyohiyo, mbali na hapa, singa za farasi zilikuwa zinaua watu.

Kabla ya vita, manyoya mazuri ya brashi yalitoka Urusi, na singa za Asia zilipitia Ujerumani na Ufaransa kusafishwa kabla ya kufika kiwandani. Vita vilikata njia hiyo. Majeshi nayo yalitaka kila askari awe na brashi yake na anyoe kila siku. Wenye viwanda wa Marekani na Uingereza wakanunua singa za bei rahisi kutoka China, Siberia na Japani, wakazitia rangi zifanane na manyoya ya yule mnyama wa gharama, wakaziuza. Baadhi yake hazikusafishwa ipasavyo. Humo ndani ilikaa mbegu ya kimeta.

Hapa inabidi nieleze, maana ndipo penye uzito. Kijidudu cha kimeta kikitoka kwenye mzoga na kukutana na hewa hujifunga katika ganda gumu na kulala. Katika hali hiyo hukaa kwenye udongo, ngozi au singa kwa miongo kadhaa, na maji ya moto ya kunyolea hayakistui. Sasa fikiria mtu anachukua brashi mpya, anasugua povu shavuni, halafu wembe unamchubua padogo, hata damu haionekani. Siku chache baadaye kinatokea kipele kinachowasha kisichouma. Kinageuka kidonda chenye kigaga cheusi tii, shingo inavimba. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo linatokana na neno la Kigiriki la makaa, kwa sababu ya weusi huo. Penisilini haikuwepo bado. Kati ya mwaka 1915 na 1924 wagonjwa zaidi ya 200 wa Marekani na Uingereza, askari na raia, walihusishwa na brashi za kunyolea, na baadhi yao walikufa.

Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta mwaka 1919. Mwaka uliofuata ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani, na mwaka 1921 Liverpool ikafunguliwa stesheni ya serikali ya kusafishia sufu na manyoya ya kutoka nje. Watengenezaji wakaanza kuchapa kwenye mipini maneno ya kumhakikishia mnunuzi kwamba singa zimeuliwa vijidudu. Lakini jina la farasi lilikuwa limeshachafuka. Nailoni ilipoingia kwenye miswaki mwaka 1938, na baadaye kwenye brashi za kila aina, wengi hawakutazama nyuma.

Kwa mtu wa uwanda wa kati, kisa hicho cha London na New York si cha kigeni hata kidogo. Kimeta tunakijua. Robert Koch, aliyethibitisha mwaka 1876 kwamba kijidudu hicho ndicho kinacholeta ugonjwa, alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897. Mwaka 1905 Wajerumani walianzisha Mpwapwa kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo, ambacho leo kimo chini ya TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania. Na mfugaji yeyote ameshasikia maneno ya bwana mifugo: ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na mkunduni, usimpasue, usimchune, usile kibudu, mfukie kina kirefu. Askari wa mwaka 1917 aliyenunua brashi dukani hakujua kwamba ameshika mkia wa mnyama wa namna hiyo.

Je, singa za farasi zitupwe? Hapana. Waturuki na Wahispania hawakuziacha, na za leo husafishwa kiwandani. Waislamu wengi, kuanzia Kondoa hadi Pwani, wasiotaka singa za nguruwe ziguse nyuso zao wana sababu nyingine ya kuzipenda. Mimi mwenyewe nilinunua yangu miaka kadhaa iliyopita, na wiki ya kwanza chumba kilinuka zizi. Dawa yake ni kuipaka povu zito, kuiacha nalo usiku kucha na kuisuuza asubuhi, siku tatu au nne mfululizo.

Tatizo kubwa la Dodoma ni maji. Yanatoka visima vya Makutupora, yana chokaa, na kila anayefua hapa anajua sabuni inavyokwisha bila povu kuonekana. Kwenye brashi chokaa hiyo hushikana na sabuni ikawa utando mweupe penye shina la singa, brashi ikakakamaa na kukatikakatika. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo, au yaliyochemshwa yakatulia. Kila baada ya mwezi iloweke dakika chache katika maji yenye siki kidogo, kisha isuuze. Usiichemshe, gundi ya shinani itaachia. Unapopaka, usiibonyeze usoni kama unayesugua sufuria. Ncha ndizo zinazofanya kazi. Hewa yetu kavu inaikausha brashi kwa saa chache tu, jambo zuri, ila hewa hiyohiyo hupasua mpini wa mbao ukiuacha dirishani juani. Itundike kivulini, singa zikitazama chini.

Na saluni? Nimemweleza kinyozi wangu, kwa adabu, kwamba brashi moja kwa nyuso ishirini ni kugawa mapunye, hata kama singa zenyewe ni safi. Alinisikiliza, akaitazama ile brashi, akasema basi kila mzee aje na yake. Wawili wameshaleta.

Kuna ombi moja. Ukifungua sanduku la babu aliyekwenda vitani, au ukauziwa mnadani brashi ya kale yenye singa za mnyama, ya miaka ya vita vile vya kwanza au iliyofuata, usiilowanishe na usiipeleke shavuni. Iweke kabatini kama ukumbusho, na ukimaliza kuishika, nawa mikono.