Kutoka Nyumba ya Watawa hadi Makumbusho: Misheni ya Bagamoyo

Katika mji wa Wittenberg, nchini Ujerumani, ipo nyumba ambayo Walutheri wengi wamesikia habari zake. Ujenzi wake ulianza mwaka 1504 ili iwe monasteri ya watawa wa Mtakatifu Agostino, na Martin Luther aliishi humo akiwa mmoja wao. Matengenezo ya Kanisa yalipoenea, watawa waliondoka. Luther alibaki humo pamoja na Katharina von Bora, aliyemwoa mwaka 1525. Mwaka 1883 nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho.

Tanzania haina monasteri ya zama hizo, lakini inayo nyumba ya watawa iliyopitia njia inayofanana na hiyo. Nayo ni ile iliyojengwa na misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo mwaka 1876 kwa ajili ya masista.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza kazi Unguja mwaka 1863. Mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Anton Horner, walivuka bahari na kufungua misheni Bagamoyo, katika eneo walilopata kwa ruhusa ya Sultani Majid. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, yenye matawi yaliyofika hadi Usukuma na Ziwa Viktoria. Kwa sababu hiyo historia yake inawahusu pia watu wa Geita na Shinyanga: Wanyamwezi na Wasukuma wengi walifika pwani wakiwa wapagazi wa pembe za ndovu, na katika njia hizohizo walipitishwa watu waliotekwa.

Misheni ilinunua watumwa, hasa watoto, na kuwaacha huru. Watoto walifundishwa kusoma, kulima na kazi za ufundi; walipokuwa wakubwa na kuoana, walipewa makazi katika kijiji cha watu huru karibu na misheni. Masista wa Mabinti wa Maria, waliotoka kisiwa cha Réunion, waliwalea wasichana na kuwahudumia wagonjwa. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kilibomoa majengo ya misheni, ikabidi kujenga upya. Mnara wa kanisa la zamani umesimama hadi leo. Kanisani humo, mwezi Februari 1874, uliwekwa mwili wa David Livingstone, uliobebwa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia na Susi, Chuma na wenzao, kabla ya kusafirishwa kwenda kuzikwa London.

Hata hivyo, historia ya kweli haisimulii mema peke yake. Fedha iliyomkomboa mtoto iliingia mkononi mwa mfanyabiashara aliyemuuza. Aidha, waliokombolewa waliishi chini ya sheria kali. Mashamba ya misheni yalilimwa kwa mikono yao, na wengine walitoroka ili wajitafutie maisha mahali pengine. Wao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kuijenga misheni, ingawa majina ya wengi wao hayajulikani kama yanavyojulikana majina ya mapadre.

Wakati wa vita vya Abushiri, mwaka 1888 na 1889, maelfu ya watu walikimbilia misheni kuokoa maisha yao, nayo misheni haikushambuliwa. Baadaye mambo yalibadilika. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873. Mwaka 1891 makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalihamia Dar es Salaam, na Bagamoyo ikapungukiwa na shughuli. Kanisa jipya lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, na utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Kusudi la kwanza la misheni lilikuwa limekwisha.

Nyumba ya masista ingeweza kuachwa ianguke, au kubomolewa ili mawe yake yatumike kwingine, kama ilivyotokea kwa majengo mengi ya kale ya pwani. Badala yake ilifanywa makumbusho. Ndani yake mgeni huona minyororo na pingu, picha za zamani na habari za misafara. Mahali walipolelewa watoto waliookolewa, watoto wa shule sasa hujifunza kilichowapata wenzao wa zamani.

Funzo lake kwa usharika unaotimiza miaka mia moja ni la wazi. Nyumba hiyo ilidumu kwa sababu wapo walioona kwamba jengo lililomaliza kazi moja laweza kupewa kazi nyingine. Katika ukanda wa dhahabu, watu huja na kuondoka, na nyumba mpya hujengwa juu ya za zamani kwa haraka. Kengele ya kwanza, daftari la ubatizo, picha iliyofifia na simulizi za wazee hupotea kimyakimya, bila mtu kukusudia. Heri vitunzwe sasa, pamoja na majina ya waliofyatua matofali na kuchota maji, wangali wapo wanaoyakumbuka.