Nani Alimwandika Wonder Woman?

Mwaka 1942 Wonder Woman alipokelewa katika Justice Society, chama cha mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani. Wanaume wakampa ukatibu. Wao walipokwenda kupambana na wabaya, yeye anayekinga risasi kwa bangili zake alibaki nyuma kuandika kumbukumbu za kikao. Hadithi hizo ziliandikwa na Gardner Fox. Mwaka huohuo, katika kitabu chake mwenyewe, shujaa huyohuyo alikuwa akiwatoa jasho majasusi wa Kinazi, bega kwa bega na wasichana wa chuo wanaoongozwa na Etta Candy, msichana mnene asiyemwogopa mtu. Huko kalamu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni William Moulton Marston, mwanasaikolojia aliyembuni Wonder Woman mwaka 1941. Aliona wazi kuwa msichana hawezi kutamani uanamke ikiwa kila mwanamke anayemsoma ni wa kuokolewa tu. Nyumbani kwake waliishi wanawake wawili wasomi: mkewe Elizabeth Holloway, mwanasheria, na Olive Byrne. Bangili za Wonder Woman zilitokana na zile alizovaa Olive.

Jina ambalo wasomaji hawakuliona ni la Joye Hummel. Alifundishwa na Marston katika shule ya Katharine Gibbs, New York, na majibu yake ya mtihani wa saikolojia yalimvutia mwalimu huyo hata akamwajiri mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Mwaka huohuo Marston akaugua polio. Hummel akaandika hadithi zipatazo 70, nazo zikatoka kwa jina la Charles Moulton, jina la kalamu la Marston. Wasichana waliosoma hadithi zile, wakapata moyo kwa kumwona mwanamke asiyesubiri ruhusa, walikuwa wakiongea na mwanamke mwenzao bila kujua.

Ndani ya kitabu kulikuwa pia na kurasa za wanawake wa kweli, zilizosimamiwa na bingwa wa tenisi Alice Marble. Muuguzi Florence Nightingale alikuwamo. Baadaye Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa akawa mtetezi wa uhuru. Kwangu mimi, kurasa hizo zilikuwa na nguvu kuliko ngumi yoyote. Msichana hawezi kukinga risasi kwa bangili kama Wonder Woman, lakini anaweza kusimama mbele ya watu akasema kama Sojourner.

Marston alifariki mwaka 1947, Hummel akaacha kazi, na mwandishi akawa Robert Kanigher. Katika miaka ya 1950 kurasa za wanawake mashuhuri zikaondolewa, zikaja habari za desturi za harusi. Mwaka 1968 shujaa akavuliwa nguvu zake, akafungua duka la nguo. Ndipo wanawake waliokua wakimsoma walipomdai. Mtetezi wa haki za wanawake Gloria Steinem na wenzake walimweka kwenye jalada la jarida lao, Ms., mwaka 1972, na mwaka uliofuata nguvu zake zikarudi.

Hata hivyo, mchoraji Trina Robbins, anayetajwa mara nyingi kuwa mwanamke wa kwanza kuchora kitabu chake, alikuja mwaka 1986 tu. Hummel alipewa tuzo ya Bill Finger, ya waandishi wa katuni, mwaka 2018, akiwa na miaka 94. Kila anayechapa upya hadithi alizoandika na aliweke jina lake ukurasa wa kwanza.